Matundu marefu kwenye shabaha: angalia msokoto wa mtutu

Ndugu, unasema bunduki yako ya .223 inakusanya matundu karibu karibu kwa risasi za greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ila za greni 77 zinatawanyika na kutoboa matundu marefu. Darubini usiiguse. Risasi zinafika kwa ubavu, si kwa ncha, kwa sababu mtutu hauzizungushi vya kutosha.

Soma alama mtutuni. Msokoto wa 1:12, yaani mifereji ya ndani ya mtutu huzunguka mara moja kila inchi 12, ni wa polepole mno kwa greni 77. Hizo zinataka 1:8 au 1:7. Hakuna alama? Hakikisha bunduki ni tupu, sukuma ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana, upime inchi ufito unazosogea ukizunguka mara moja.

Ukitumia kizuia sauti, acha hizo nzito leo hii: risasi inayoyumba inaweza kukipasua. Hata greni 55 zikianza kutoboa matundu marefu, muone fundi bunduki.