Mbio za Saa Tisa Hupangwa kwa Majina ya Watu

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia akieleza kwamba ligi yake ya mbio za magari za mtandaoni, zinazoendeshwa kwa usukani uliofungwa kwenye kompyuta, imefunga msimu, na kwamba yeye na wenzake wanataka kukimbia mbio ndefu za kustahimili kabla msimu mpya haujafunguliwa. Maswali yake yalikuwa mengi na yote yalihusu magari: lipi halili matairi, lipi linakunywa mafuta kidogo, mpangilio gani wa springi unafaa usiku. Hakuuliza hata moja kuhusu madereva. Nilimjibu kwa ufupi, lakini kwa kuwa najua wengi wenu mnaota ndoto hiyohiyo kila ligi inapokwenda mapumziko, naona ni vyema nieleze kwa urefu jinsi tulivyoziandaa mbio zetu za saa tisa za Kyalami, kiwanja cha mbio cha Afrika Kusini, mwezi Januari 2026, mbio ambazo, naomba niseme bila kujivuna, mpaka sasa manahodha wa ligi nyingine huniuliza tulizifanikisha vipi.

Tulichagua Kyalami kwa sababu ni Afrika, na sioni haya kusema hivyo. Kila kundi hukimbilia viwanja vya Ulaya kama Le Mans au Spa, ilhali Afrika Kusini ilikuwa na mbio zake za saa tisa zilizoanza mwaka 1958 katika kiwanja cha Grand Central, zikahamia Kyalami kilipofunguliwa mwaka 1961, na baada ya kupotea kwa miaka mingi zikarejea Novemba 2019 katika mfululizo wa mbio za kimataifa uitwao Intercontinental GT Challenge. Kiwanja chenyewe kimo ndani ya Assetto Corsa Competizione, programu ya kuigiza mbio za magari ambayo wengi wetu tunayo kwenye kompyuta, na mzunguko wake mmoja ni kilomita 4.5 na ushei. Gari la GT3, yaani daraja la magari ya kifahari yaliyotengenezwa upya kwa mbio, lililo mikononi mwa dereva wa kawaida hulimaliza duara hilo kwa takriban dakika moja na sekunde 43, kwa hiyo saa tisa kamili ni zaidi ya mizunguko 300 ikiwa mvua haitanyesha. Ukiliteremka bonde la Mineshaft mara 100 kwa zamu zako tatu, ndipo utakapojua kama wewe ni dereva wa masafa marefu au ni bingwa wa mzunguko mmoja tu.

Jambo la kwanza lilikuwa tarehe, na hapa ndipo makundi mengi huanguka kwa kudhani kwamba ligi ikifungwa watu hubaki bure. Desemba wengi husafiri kwenda kwao, na usukani haubebwi kwenye basi la mkoani. Kombe la Mataifa ya Afrika lilianza Morocco Desemba 21 likaendelea hadi Januari 18, na Tanzania, Uganda na Kongo zote zilikuwamo. Aliyependekeza Jumamosi ya robo fainali alizomewa na kundi zima. Wikiendi ya Januari 24 na 25 zilikuwa zile mbio za magari za saa 24 za Daytona, Marekani, ambazo wenzetu kadhaa hawazikosi hata kwa dawa. Mwezi wa Ramadhani ulitarajiwa katikati ya Februari. Tukabaki na Jumamosi ya Januari 31, siku ambayo ilikuwa na faida nyingine niliyoitambua mimi peke yangu, kwamba mishahara ingekuwa imeshaingia baada ya ukame wa Januari, na mtu mwenye mshahara mkononi hulipa mchango wa seva, ile kompyuta inayotuunganisha sote kwenye mbio, na kununua kifurushi cha intaneti cha akiba bila kusukumwa.

Baada ya tarehe ikaja saa. Tulikuwa na watu Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza, Kigali, Muscat, Dortmund na Minneapolis, na nilipotangaza kwamba mbio za saa tisa zingeanza saa tisa, mmoja akauliza kama nilikuwa nikitaja urefu au muda wa kuanza, na vijana wetu wawili waliokulia Marekani wakaandika kwenye kalenda zao saa tatu asubuhi. Tangu hapo kila tangazo liliandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kwa kila mji peke yake: 15:00 Dar es Salaam na Nairobi, 14:00 Kigali, 16:00 Muscat, 13:00 Dortmund, 06:00 Minneapolis. Ndani ya programu tuliiacha saa iende sawasawa na ya kweli, tukaanza saa saba mchana kwa saa za Kyalami, ili giza liingie zikiwa zimebaki takriban saa tatu, wakati ambao sisi wa Afrika Mashariki tayari tungekuwa tunapigana na usingizi.

Sasa nifike kwenye kiini cha ushauri wangu, ambacho nitakirudia hadi mnichoke: andika majina. Mbio za dakika 40 unaweza kuzipanga kwa maneno ya mdomo, lakini za saa tisa zinataka jedwali lenye jina la mtu mbele ya kila saa, na mbele ya jina hilo jina la pili la atakayemshikia akikwama. Seva ya programu ile humruhusu mwandalizi kuweka kikomo cha zamu moja na kikomo cha jumla ya muda wa kila dereva. Sisi tuliweka zamu isiyozidi dakika 65, ambayo tangi la GT3 linaitosheleza Kyalami bila wasiwasi, na jumla isiyozidi saa 3 na dakika 20 kwa dereva. Hesabu hiyo ina maana yake. Madereva watatu wakigawana zamu tisa za saa moja moja, kila mmoja anaendesha saa tatu na anabakiwa na dakika 20 za dharura, na hata wawili wakimaliza kikomo chao chote, wa tatu hana budi kuendesha saa 2 na dakika 20. Kwa njia hiyo hakuna timu inayoweza kumficha dereva wake dhaifu, wala kumchosha yule hodari mpaka agonge ukuta.

Nilisisitiza pia kwamba kila timu isajili dereva wa nne wa akiba, kwa kuwa majina yote huandikwa kwenye orodha ya seva kabla haijawashwa, na kubadilishana usukani, yaani mwenzako kulipokea gari lilelile akiwa kwake, hakuwezekani ikiwa mpokeaji hajaingia na kusubiri ndani ya seva wakati gari linapoingia piti, mahali pa kusimama kwa mafuta na matairi. Kwa kusisitiza hayo nilidhihakiwa. Rafiki mmoja wa Nairobi, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa kasi kuliko wote katika timu yangu, aliandika mbele ya kundi zima kwamba nimegeuza mchezo kuwa kamati ya harusi. Watu walicheka, nami nikanyamaza, ingawa moyoni nilijua kwamba alikuwa amenisifu bila kukusudia. Kamati ya harusi ndiyo taasisi inayofanya kazi kuliko zote tulizonazo: ina mwenyekiti, ina mhazini, ina daftari la ahadi, na kila mtu anajua kwamba ahadi isiyotimizwa kabla ya kikao cha mwisho huhesabiwa kuwa haipo. Ukiendesha maandalizi ya mbio kwa nidhamu hiyo, hutahangaika.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, bwana huyohuyo alinitumia ujumbe mfupi kwamba anahamia timu nyingine iliyokuwa imepungukiwa na dereva, kwa sababu huko kuna marafiki zake wa zamani na, nanukuu roho ya maneno yake, mambo hayakuwa mazito namna hii. Orodha ilikuwa imefungwa tangu Jumapili iliyotangulia. Niliwakumbusha manahodha kanuni waliyoikubali wenyewe, wakapiga kura, na wengi wakamruhusu. Sikupinga zaidi. Sisemi haya kwa kinyongo, na mwenyewe akisoma anajua kwamba sijamtaja, lakini mtu aliyekaa nawe majuma mengi akifanya mazoezi ya kubadilishana usukani, aliyepokea kutoka kwako hesabu zote za mafuta na matairi, kisha akazipeleka kwa wengine, anapaswa angalau kupiga simu.

Kwa kikomo tulichokuwa tumekiweka, watu wawili wasingeweza kumaliza saa tisa hata wangependa. Tulimwita mdogo wetu wa Mwanza, mwanafunzi wa chuo, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha kama dereva wa akiba na ambaye alikuwa akitumia usukani wa bei ya chini kabisa uliofungwa kwenye meza ya kusomea. Alikuwa nyuma yetu kwa sekunde mbili hivi kila mzunguko. Katika zamu zake tatu hakutoka nje ya lami hata mara moja, hata pale mvua iliponyesha gizani na kona ya Leeukop ikawameza watu wenye vifaa vya gharama kubwa. Kaka yangu wa Muscat alifungua, nami nikafunga, na tulivuka mstari wa mwisho tukiwa nafasi ya pili.

Timu aliyohamia bwana yule iliongoza kwa muda wa saa saba za mwanzo. Kwenye mabadiliko ya kuingia saa ya nane dereva wa kupokea hakuwa ndani ya seva. Alikuwa amejilaza kidogo baada ya chakula cha usiku na hakuna aliyekuwa na jukumu la kumwamsha, kwa sababu hawakuwa na jedwali, walikuwa na maelewano. Bwana yule wa kasi alilazimika kurudi barabarani, akakivuka kikomo chake cha saa 3 na dakika 20, akapata adhabu, na walipomfikia mwenzao kwa simu gari lilikuwa limeshashuka hadi nafasi ya tano. Ndugu zangu, kasi inapendeza kwenye picha, lakini mtu asiyekuwapo hana kasi yoyote. Andika majina.

Kuhusu mtandao na umeme sitakaa sana, kwa kuwa kila mmoja anajua hali ya mtaa wake. Muda wa data kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Frankfurt mara nyingi huzidi milisekunde 150, na wapo waliotaka seva iwe Johannesburg ili sisi tupumue, lakini yule wa Minneapolis angeteseka kupita kiasi. Tuliiweka Ujerumani, kwa kanuni kwamba seva huchaguliwa kwa kumtazama aliye mbali kuliko wote na si kwa wingi wa kura. Kila dereva alitakiwa kuwa na njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti na ile ya kwanza. Aliyeona sharti hilo kuwa la anasa nilimkumbusha Mei 12, 2024, siku ambayo nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya nchi za ukanda wetu ikajikokota. Hata wakubwa hupatwa: Januari 2023, katika mbio za saa 24 za Le Mans za mtandaoni, zenye seva za kitaalamu na fedha nyingi, timu ya Max Verstappen, dereva wa Formula 1, ilipoteza uongozi kwa kukatika mawasiliano. Umeme nao unahitaji betri ya akiba inayoweza kubeba kompyuta na kisanduku cha intaneti kwa muda wa kutosha kufika piti, si zaidi. Na masasisho ya programu yapakuliwe kabla ya Ijumaa, kisha yazimwe.

Vijana wengi wakifika hapa huniambia kwamba mambo haya yanaondoa raha. Mimi ninaamini kinyume chake. Mlichagua mbio za kustahimili, na kustahimili kunaanza kabla ya taa za kuanzia hazijazimwa: kulipa mchango kwa wakati, kuhudhuria mazoezi ya kubadilishana usukani hata kama unajiona unajua, kulala mchana wa siku ya mbio, kumwambia mkeo au mumeo au mama yako mapema kwamba jioni hiyo hutapatikana. Anayeona hayo ni mazito abaki na mbio za dakika 40, ambazo nazo zina heshima yake. Heshimuni orodha mliyoisaini. Kama huwezi kuamka, sema huwezi kuamka, jina lako lifutwe na liandikwe la mwenye uwezo.

Limebaki suala la malalamiko, ambalo huja baada ya kila mbio kama ada. Tuliteua waamuzi watatu wasioendesha, tukatoa saa 24 za kuwasilisha lalamiko kwa maandishi pamoja na dakika ya tukio, na tukampa mtu mmoja kazi ya kurekodi matangazo ya moja kwa moja ya mbio mwanzo hadi mwisho, kwa sababu marudio ya programu, kwa mipangilio yake ya kawaida, hayabebi saa tisa nzima. Timu ya nafasi ya tano iliwasilisha lalamiko ikidai kwamba kikomo cha muda kiliwekwa kumlenga dereva wao. Kanuni hiyo ilitangazwa Novemba, dereva huyo akiwa bado wa kwangu, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika kwamba anaikubali. Ujumbe wake niliuambatisha kwenye jibu la waamuzi, nao wakalifunga jalada siku hiyohiyo.