Jibu: Kundi limefunguka wiki ya pili, nibadili baruti?

Mkuu, umesema huko Texas risasi zako za bunduki za .308 Winchester ulizojaza baruti mwenyewe zilikupa kundi (upana wa matundu kwenye karatasi ya shabaha) la milimita 15 kwenye mita 100, wiki iliyofuata chaji (kipimo cha baruti) ileile ikatawanyika hadi 26. Baruti iache kwanza. Ulipiga risasi 3 tu kila mara, na 3 ni chache mno. Bila kubadili chochote, kundi la risasi 10 kwa wastani huwa pana takriban mara 1.6 ya kundi la 3, na hayo ya 3 yenyewe hupanda na kushuka kwa bahati tu. Piga 10 kwenye karatasi moja, na ile iliyochomoka pembeni ihesabu pia. (Wanaoposti picha za matundu matatu yaliyogusana huwa hawaposti karatasi zilizobaki.)

Halafu badili kitu kimoja kwa wakati: chaji, au kina cha kichwa (kipande kinachoruka) ndani ya ganda. Chaji ianzie kwenye kiwango cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kisha uongeze kidogokidogo. Fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda) ikibapa au bolti ya bunduki ikifunguka kwa shida, presha huenda imezidi, simama hapohapo.

Mzani wa kielektroniki wa kupimia baruti usiuweke chini ya feni wala kiyoyozi, namba zitacheza bila wewe kugusa kitu. Kipima mwendo wa risasi ni kizuri, ila tofauti ndogo za kasi huzioni mita 100. Mita 600 kuendelea ndipo zinaanza kupandisha na kushusha risasi zako kwenye shabaha.