Pwani ya Uholanzi kwa Baiskeli na Mfuko Mwepesi: Anza na Upepo

Mara ya kwanza nilipoendesha baiskeli katika pwani ya Uholanzi nilianzia Amsterdam kuelekea kusini, kwa sababu ndiko ndege iliponishusha na kwa sababu ramani haikunionyesha mlima hata mmoja. Siku ya pili, katika njia ya matuta ya mchanga baina ya Zandvoort na Noordwijk, nilikuwa nakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, na bado bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga akanipita huku akinisalimu (baadaye niling'amua kwamba baiskeli yake ilikuwa na mota). Nilifika Scheveningen usiku nikiwa hoi, nikaingia katika hoteli ya kwanza niliyoiona, na kwa usiku ule mmoja nikalipa fedha ambazo zingenitosha kwa siku nne.

Naona haya kulisimulia jambo hilo, kwani nimekulia Pangani, ambako hata mtoto anajua kwamba nahodha hupanga safari kwa kusi na kaskazi, wala hashindani nazo. Uholanzi ni tambarare, lakini upepo wake ndio mlima wake, na mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni huu: panda treni hadi Vlissingen, katika mkoa wa Zeeland, kisha urudi kaskazini upepo ukiwa mgongoni. Mtu anayesukumwa na upepo hufika kambini mapema, hupika mwenyewe, na halazimiki kununua kitanda kwa sababu ya uchovu.

Baiskeli hukatiwa tiketi yake ya siku nzima, ambayo haifiki yuro 10, lakini siku za kazi kwa kawaida hairuhusiwi ndani ya treni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Baiskeli yenyewe nilinunua ya mtumba dukani kwa fundi, kwa yuro 110, ikiwa na breki ya kukanyagia nyuma, ambayo huchukua nusu siku kuizoea. Usinunue ya bei ya kutupwa kwa mtu wa barabarani, kwani huenda ni ya wizi na wewe mnunuzi ukawa na hatia. Nunua kufuli mbili, moja ikiwa ya mnyororo, na mnyororo huo uufunge kwenye kitu kisichong'oka.

Kutoka Vlissingen njia hupitia Westkapelle na Domburg hadi Oosterscheldekering, ukuta wa kuzuia bahari wenye urefu wa kilomita 9, uliofunguliwa mwaka 1986. Ulijengwa kutokana na mafuriko ya tarehe 1 Februari 1953, yaliyoua watu 1,836 nchini humo. Juu yake hakuna mti wala nyumba ya kukukinga, na ndipo Waholanzi, tangu mwaka 2013, hufanyia mashindano ya kitaifa ya kuendesha baiskeli za kawaida zisizo na gia dhidi ya upepo wa dhoruba. Wao hukimbia kuelekea kusini, nami niliuvuka kuelekea kaskazini, karibu bila kukanyaga.

Siku mbili baadaye niliingia Rotterdam kwa kupita chini ya mto, katika handaki la Maastunnel la mwaka 1942, ambamo unaishika baiskeli yako juu ya ngazi za umeme zenye vidato vya mbao hadi kwenye njia ya chini. Ni bure, nami nilirudia mara mbili. Delft na Den Haag zinapitika kwa siku moja, kisha unarudi katika matuta ya mchanga, ambayo pia huchuja maji ya kunywa ya Den Haag. Maji ya bomba ni salama kote, basi usinunue ya chupa. Ukipenda kukunja kona kidogo, Leiden iko karibu, mji ambao chuo kikuu chake kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi.

Ramani ya kulipia haihitajiki. Njia za baiskeli zimeunganishwa na makutano yenye namba, yaitwayo knooppunten. Nami kila asubuhi niliandika namba za siku hiyo kwenye kipande cha plasta na kukibandika usukanini. Simu hubaki mfukoni, kwani tangu Julai 2019 kuishika mkononi huku unaendesha ni kosa lenye faini. Ukiona pembetatu nyeupe barabarani, ambazo wenyeji huziita meno ya papa, na ncha zake zinakuelekea, simama uwapishe wengine.

Kuhusu malazi, kupiga hema popote ni marufuku, lakini kuna kambi ndogo za porini ziitwazo natuurkampeerterreinen, ambazo huhitaji kadi ya mwaka na gharama yake kwa usiku ni ndogo. Siku za mvua nililala kwa wenyeji wa chama cha Vrienden op de Fiets, ambao humpokea msafiri wa baiskeli nyumbani kwao na kumpa kifungua kinywa kwa bei isiyokaribia ya hoteli. Chakula kingine nilinunua supamaketi: mkate, jibini, siagi ya karanga na ndizi.

Upepo nao hugeuka, hasa majira ya kuchipua, ambapo wa kaskazini-mashariki unaweza kudumu siku kadhaa. Ikiwa hivyo, geuza safari: panda treni hadi Den Helder na uteremke kusini. Angalia utabiri siku mbili kabla, wala usiwe na haraka ya kukata tiketi, kwani nauli ya kawaida ya treni za ndani haipandi kwa sababu umechelewa kuikata.