Ukiwa kwenye amiodaroni, jihadhari hata na jua la dirishani

Miezi michache baada ya kuanza kumeza amiodaroni kwa ajili ya moyo unaopiga bila mpangilio, niliungua na jua nikiwa ndani ya basi. Nilitoka Tanga asubuhi kwenda Dar, nimekaa dirishani upande wa kushoto, kioo kimefungwa. Tulipofika Segera basi likashika njia ya kusini, jua likanilalia mkononi. Sikujali. Mtu nimezaliwa Ngamiani, nimekua juani, jua la nyuma ya kioo litanifanya nini?

Kufika Chalinze mkono ulikuwa unachoma kama umemwagiwa uji wa moto. Jioni ukavimba, siku ya tatu ngozi ikaanza kubabuka, isipokuwa pale palipokaa mkanda wa saa. Pale palikuwa pazima kabisa, mstari umenyooka kama umepigwa rula.

Nilidhani ni sabuni. Binti wa duka la dawa ndiye aliyeniuliza, "Baba, kuna dawa nyingine unayotumia?" Nilipomtajia akaniambia nirudi kwa daktari wangu, na siku hizo nikae kivulini.

Daktari alinieleza vizuri. Dawa hii hujikusanya kwenye ngozi, na mionzi ya jua ya aina ya UVA ikiikuta hapo, ngozi huungua haraka. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya UVB, aina nyingine ya mionzi ya jua, lakini UVA nyingi hupenya. Mawingu nayo hayaizuii yote, kwa hiyo hata siku za masika jifunike. Weusi wetu unasaidia, ila usiutegemee peke yake.

Tafadhali sana, usiache dawa kwa sababu ya ngozi. Kwanza, moyo ukirudia fujo zake ni hatari kuliko mkono kubabuka. Pili, kuacha leo hakukuponyi kesho: amiodaroni hutoka mwilini polepole mno, na ngozi inaweza kubaki hivyo kwa miezi. Mwambie daktari, yeye ndiye ataamua kama dozi ipunguzwe. Ukiona uso unageuka rangi ya kijivu au kibuluu, mwambie hilo pia. Na vipimo vya tezi ya shingo na ini usivikwepe.

Kinachonisaidia zaidi ni nguo. Shati la mikono mirefu, lenye kitambaa kizito. Linyanyue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, na jua litapita. Kwa akina mama, kanga moja iliyofuliwa mpaka ikalainika haitoshi. Kofia yetu ya kushona kwa mkono ni nzuri kwa msikitini, lakini haifuniki masikio wala shingo. Mchana mimi navaa pama la ukili. Tunaoendesha baiskeli tunasahau migongo ya mikono, nayo iko juani safari nzima. Mimi navaa glavu nyepesi za pamba.

Kuhusu losheni ya kuzuia jua, usiangalie namba ya SPF tu, maana hiyo hupima zaidi kinga ya UVB. Tafuta iliyoandikwa kuwa inazuia na UVA, hasa yenye zinki oksaidi. Inaacha weupe kama liwa, vumilia. Jirani yangu mwenye ualbino, aliyeishi na losheni tangu utotoni, ndiye aliyenifundisha kupaka nyingi, nisiache masikio, na kurudia kila baada ya saa mbili au nikitoka jasho.

Shughuli za nje nazimaliza kabla ya saa nne asubuhi au nasubiri saa kumi ipite, na bado najifunika. Na nikikata tiketi ya Dar naomba kiti cha kulia, upande wa dereva. Asubuhi tukishuka kusini jua liko kushoto, na alasiri tukirudi bado liko kushoto.