Jibu: Folikoli hazikui ndani ya shanga za alginati

Ndugu, umeuliza kwa nini folikoli (vifuko vya ovari vyenye yai) za panya wadogo wa maabara zinabaki hai siku mbili tatu kisha zinadumaa ndani ya shanga za alginati ya 1.5%, yaani matone ya jeli itokanayo na mwani. Tatizo kubwa ni ugumu wa jeli. Folikoli ikikua inaisukuma jeli; jeli isipolegea, seli za granulosa (zinazolizunguka yai) hubanwa, uwazi wa majimaji hauundiki na yai halikomai. Shuka hadi 0.5%. Kwa folikoli za mikromita 100 hadi 130, hata 0.25% hufaa, ila shanga huwa laini mno, kwa hiyo zihamishe kwa pipeti yenye mdomo mpana.

Dondosha alginati yenye folikoli kwenye kloridi ya kalsiamu milimola 50 kwa lita yenye chumvi ya kawaida milimola 140 kwa lita, uache dakika 2 tu; kalsiamu ndiyo huigandisha. Folikoli ikae katikati: ikigusa ukingo, seli zake huchomoza nje na yai hubaki uchi. Hilo utaliona kwa darubini kama kichaka cha seli upande mmoja.

Pia tafadhali usisuuze kwa bafa ya fosfeti! Fosfeti hunyakua kalsiamu, shanga zikalegea. Wala usitie alginati kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke). Joto hukata minyororo yake. Ichuje ikiwa nyepesi, kwa kichujio cha mikromita 0.22.

Kutoa folikoli, tumia kimeng'enya cha alginati liasi, kinachoyeyusha jeli, si kuivuta kwa sindano. Na namba hizi usizihamishie folikoli za binadamu: hizo hukua polepole zaidi na hufikia ukubwa mwingine kabisa.