Tableti zipo, ila watu wa fildi bado wanajaza karatasi

SWALI: Habari kaka. Nipo NGO ndogo huku Kilosa, tunafuatilia lishe ya watoto chini ya miaka 5. Mwaka jana mfadhili katununulia tableti 9, tukahamia KoboToolbox (mfumo wa kukusanya data kwa tableti au simu), semina siku tatu na kila kitu. Sasa nagundua wenzangu wanajaza karatasi kijijini halafu Ijumaa wanakaa ofisini kuhamishia kwenye tableti. Bosi anataka turudie semina. Mimi ndo dada wa data, nifanyeje?

JIBU: Salama dada. Hela ya semina itunzeni kwanza. Mtu anayehamishia fomu 40 kwa Ijumaa moja tableti anaijua vizuri tu.

Fungua data zako Kobo, angalia safu za start na end, pale tableti inajirekodia yenyewe fomu imefunguliwa saa ngapi na imefungwa saa ngapi (kama hukuziwasha kwenye mipangilio ya fomu, ziwashe). Ukikuta zinafuatana Ijumaa saa tisa hadi saa kumi na moja, dakika nne nne, na GPS zote zimeangukia juu ya bati la ofisi yenu, basi picha umeipata. Ila usiende nayo kikaoni kama ushahidi wa polisi. Mimi nilishafanya huo ujinga kwenye shirika moja, nikaweka kwenye projekta jina kwa jina, wiki mbili hakuna aliyejibu meseji yangu.

Panda pikipiki ukashinde na mmoja wao siku nzima, uangalie tu. Nilipokuja kufanya hivyo nikaona kitu ambacho ofisini nisingekiona: maswali 87, mama kasimama na mtoto mgongoni, afisa anainamisha tableti ikwepe jua, swali la 31 linataka namba ya kadi ya kliniki na kadi imebaki nyumbani, na swali nililiweka la lazima mimi mwenyewe kwa hiyo fomu haisogei. Kwenye karatasi angeandika "kadi iko nyumbani" pembeni akaendelea, kwenye tableti ama abuni namba ama akwame mama anamtazama. Hata wewe ungetoa daftari.

Kwa hiyo punguza fomu, na upunguze ukiwa nao. Kila swali uliza, jibu lake nani analitumia? Lisilo na mwenyewe litoke. Ya lazima bakiza machache, mengine weka chaguo la "haipo kwa sasa". Halafu ingia mipangilio ya KoboCollect, ile programu ya kujazia fomu, kwenye kila tableti, fomu zijitume zenyewe mtandao ukipatikana na toleo jipya lijishushe lenyewe, maana ukibadilisha fomu kwenye seva na mmoja akabaki na ya zamani utakesha unasafisha data. Na waambie wazi kujaza hakuhitaji mtandao kabisa, ni kutuma tu. Utashangaa wangapi hawajui hilo hata baada ya siku tatu za semina.

Sasa lingine, na hapa ndo naweka dau langu: muulize mhasibu. Sehemu nyingi nilizopita mhasibu ndo anadai fomu yenye sahihi ndipo atoe posho na hela ya mafuta, sasa mtu aache karatasi alale njaa? Hapo wewe huna ubavu, bosi ndo atoe waraka kwamba kuanzia tarehe fulani malipo yanafuata fomu zilizoingia Kobo. Anzeni na kijiji kimoja na watu wawili wanaopenda, msivamie vyote.

Na uwarudishie kitu. Jumatatu asubuhi kila afisa apewe orodha ya watoto wa kijiji chake, kuanzia miezi sita, ambao mzingo wa mkono (sehemu ya juu) uko chini ya sentimita 12.5, yaani wana dalili ya utapiamlo, na walio chini ya 11.5, ambao ni utapiamlo mkali, wakae juu kabisa, ajue aanzie nyumba gani. Karatasi haikuwahi kumpa hicho, ilikuwa inaishia kwenye boksi.

Maboksi yenyewe yafungieni kabatini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Ukishaongea na mhasibu niandikie kasemaje.