Mtoto hataki mboga, hataki samaki, anataka wali mtupu: majibu ya maswali yenu

Jamani meseji za watoto wanaochagua chakula zimekua nyingi mno, nyingine mmenitumia saa sita usiku mtu unaona kabisa huyu mama kachoka, nimechukua tano zinazofanana na za wengine wengi. Kama swali lako halipo soma hivyo hivyo, utajikuta humo.

Mama, Chikongola, Mtwara mjini: *Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Zamani alikula kila kitu, sasa kisamvu anatema, matembele anatema, anataka wali mtupu na chai tu. Nimemdekeza?*

Hapana mama, hujamdekeza. Umri huo watoto wengi wanaanza kuogopa chakula, hata kile walichokua wanakula jana, na inaweza kwenda mpaka miaka mitano au sita. Mtoto akiwa anatembea mwenyewe anaokota kila kitu, kwa hiyo woga ule unamlinda asile asichokijua, ila sasa unatutesa sisi wapishi.

Wataalamu wa lishe wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara nane, kumi, hata kumi na tano ndo akikubali, na sisi wengi mara ya tatu tu tushasema huyu hapendi basi hakiwekwi tena. Wangu wa pili alikua hivyo hivyo na kisamvu. Nikawa kila nikipika namwekea kijiko kimoja pembeni ya wali, simwambii kitu. Siku za kwanza alikua anakichota kwa vidole anakipaka kwenye mkeka, baadae akawa anakinusa, siku moja akagusa na ncha ya ulimi akakunja uso, nikajifanya sijaona naendelea kula changu. Imeenda karibu miezi miwili. Siku aliyokula kisamvu kilikua cha tui zito na korosho za kusaga, akamaliza kile kijiko halafu akanisogezea sahani bila kusema neno, mimi nikamwongeza nikageuka pembeni maana machozi yalikua karibu.

Kwa hiyo mama usiache kuweka, kidogo tu, kijiko kimoja kinatosha. Na hiyo chai iondoe kwenye mlo kabisa, inamshibisha halafu inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yasiingie mwilini vizuri. Mpe maji. Kwenye mboga kamulia ndimu, vitamini C yake inasaidia ile chuma ifyonzwe, na tui au mafuta kidogo yanasaidia vitamini A ya majani iingie mwilini.

Baba, Lindi mjini: *Wangu ana miaka minne. Nikikaa na fimbo anakula, nikitoka hali. Mama yake anasema niendelee hivyo hivyo.*

Kaka, naomba hiyo fimbo uiweke chini leo. Najua unaifanya kwa mapenzi unaogopa mtoto asije akadhoofu, lakini anachomeza pale ni woga, na baadae akiuona samaki tu anakumbuka fimbo. Mtu mwenye hofu tumbo linafunga, hata sisi wakubwa tukiwa na msiba si chakula hakipiti?

Gawaneni kazi. Wewe na mama yake mnaamua kinapikwa nini, saa ngapi na mnakula wapi, yeye anaamua ale au asile na ale kiasi gani. Ikipita nusu saa hajala toa sahani kimya kimya, hakuna kusemwa, ila pia hakuna andazi wala biskuti wala juisi mpaka muda wa mlo unaofuata, hapo ndo pagumu maana bibi atamwonea huruma na mangi wa dukani yuko karibu. Na ile ya "maliza mboga nikupe soda" nayo acheni, mtoto anaelewa kwamba mboga ni adhabu na soda ndo zawadi.

Halafu mkalishe kwenye sinia moja na watoto wenzie. Akiona wa jirani anavunja kibua anachovya kwenye mchuzi, mkono wake utafuata wenyewe, labda sio leo. Asubuhi moja nenda nae wanaposhusha samaki, achague yeye, ambebe mwenyewe kwenye mfuko mpaka nyumbani.

Bibi, Newala: *Wajukuu zangu wamekuja likizo kutoka Dar. Ugali wa muhogo hawataki, ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) hawataki, wananiambia bibi hiki chakula cha porini. Nimeumia.*

Shikamoo bibi. Pole, naelewa imekuuma maana hicho chakula ndo kilichowalea baba zao. Ila usichukulie kama dharau, wao hawajawahi kukiona na ulimi wa mtoto unaogopa ugeni, ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, unanata mdomoni, harufu yake sio ya sembe waliyoizoea.

Anza na mlango wanaoujua. Mbaazi za nazi Dar wanakula na maandazi asubuhi, sasa wapikie mbaazi zako hivyo hivyo na maandazi, wakishazipenda kesho yake mbaazi zile zile zinakaa pembeni ya ugali. Na ugali wenyewe changanya, unga wa mahindi uwe mwingi na wa muhogo uwe kidogo, kila baada ya siku mbili tatu ongeza wa muhogo kidogo, usiwafiche lakini, wakikuuliza waambie.

Ming'oko bibi wapeleke wakachimbe. Ile kazi ya kufuata mzizi chini taratibu usikatike, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, halafu unauvuta unatoka mrefu, hakuna mtoto asiyeipenda. Waende na mtu anayeujua mmea wenyewe vizuri maana huko porini kuna vinavyofanana na vina sumu. Warudi wauoshe wao, wauchemshe na chumvi wakiwepo, wamenye wao ukiwa bado wa moto. Mtoto aliyechimba mwenyewe ataonja, hata akionja nusu kidole umeshinda. Ila bibi nakuomba sana usiwapikie chipsi pembeni, ukifanya hivyo umemaliza kazi yote.

Mama, Masasi: *Korosho zipo nyingi ndani. Naweza kumpa wa miezi nane? Na wa miaka mitatu je?*

Wa miezi nane ndio, ila zisagwe laini kabisa uchanganye kwenye uji, zisiwe na chumvi. Anza na robo kijiko cha chai ukiwa nae karibu, uangalie vipele, midomo kuvimba au kutapika, ukiona hivyo wahi hospitali. Kama ngozi yake ina ukurutu mwingi au nyumbani kuna mtu korosho zinamdhuru, ongea na daktari kwanza. Wa miaka mitatu pia msagie. Korosho nzima au karanga nzima usimpe mtoto mpaka afike miaka mitano, zinakaba na zinakaba haraka sana.

Dada, Mikindani: *Nitajuaje kama anachagua tu au anaumwa?*

Chukua kadi ya kliniki uangalie mstari wa uzito. Kama unapanda, hata awe mwembamba, basi huyo anachagua tu na tutaenda nae polepole. Kama umelala au unashuka miezi miwili mitatu, mpeleke. Mpeleke pia kama viganja vimekua vyeupe, anakula udongo, anakabwa au kutapika akimeza vitu vigumu, au vyakula vinazidi kupungua mpaka vimebaki viwili vitatu tu. Minyoo nayo inaua hamu ya kula, na dawa ya minyoo pamoja na matone ya vitamini A wanatoa kwa watoto chini ya miaka mitano mwezi wa 6 na wa 12, kama alipitwa uliza hapo hapo kliniki.

Kabla hujaenda andika siku tatu kila kinachoingia mdomoni mwake, mpaka ile nusu andazi ya kwa jirani na maziwa ya usiku, uende na karatasi hiyo mkononi.